Duka Nimwachie Nani?

Ukitaka kujua Mama Rangi amefanya kazi gani siku hiyo, ulitazama kucha zake. Kila gari alilolichanganyia rangi lilikuwa na ukucha wake. Alidondosha tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, akalipuliza mpaka likakauka, kisha akaulaza ukucha huo kwenye mlango wa gari na kuinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukutani. Ukucha ukipotea, yaani usipoweza kuona umeishia wapi na bati limeanzia wapi, rangi ilikuwa tayari. Ukionekana hata kidogo, alirudi ndani, akaongeza kitu, akajaribu na kidole kingine. Jioni alitoka dukani na vidole kumi vya rangi mbalimbali, na wauza viatu wa Dagoretti Corner, ambao wote walimjua, hawakumwacha apite hivihivi.

"Mama Rangi, leo ni harusi ya nani?"

"Ya mamako. Na wewe hukualikwa."

Duka lenyewe lilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, nyuma ya safu ya maduka ya Barabara ya Ngong. Gari lililokwaruzwa au kugongwa lililetwa pale, likanyooshwa, likapakwa fila ya kuziba mabonde, likapigwa msasa, kisha likapuliziwa rangi. Kazi hizo ziko Nairobi nzima. Kilicholeta watu kwake kutoka Karen, Hurlingham na hata katikati ya mji ni kitu kimoja tu: mlango uliopakwa rangi kwa Mama Rangi ulifanana na milango mingine mitatu.

Asiyeijua kazi hii atadhani ni jambo dogo. Lakini gari jeupe si jeupe. Limekaa juani miaka sita, limeoshwa kwa sabuni ya unga, limeegeshwa upande mmoja chini ya mti, na weupe wa kulia si tena weupe wa kushoto. Ukichukua rangi ileile ya kiwandani ukaipuliza hapo, itaonekana kama kiraka kwenye suruali. Lazima mtu achanganye kwa jicho, tone baada ya tone, mpaka rangi mpya ifanane na ile iliyozeeka. Sijaona jicho kama lake, nami nimetembea.

Nimetembea kuliko inavyofaa. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kuhama, na mpaka leo, nikiwa na miaka arobaini na kitu, sijajifunza kukaa. Nakuru, Mombasa, Kampala, Eldoret, kila mahali nimepiga msasa magari ya watu. Kwake nilikaa miaka saba. Asubuhi nyingine, mjini kwa watu, mtu akifungua mkebe wa thina, ile ya kuzimulia rangi, ninageuka haraka kana kwamba nitamwona amesimama langoni na leso yake ya kijani, akiniuliza kwa nini nimechelewa.

Yeye aliniita Mrefu. Jina langu alilijua, lakini alikuwa na jina lake kwa kila mtu. Mimi na wenzangu wanne tulimwita Madam.

Hakuchanganya rangi kabla ya saa tatu asubuhi wala baada ya saa kumi jioni. Mteja akija saa kumi na nusu na haraka zake, alimwambia, "Hiyo jua imelewa. Rudi kesho." Kuna mkubwa mmoja wa serikali aliyepandisha sauti pale langoni, akataja cheo chake. Mama Rangi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa mheshimiwa. Basi iambie hiyo jua irudi juu kidogo." Mheshimiwa alirudi kesho yake.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, tulisimama duara naye akaomba. Maombi yake yalikuwa marefu, yakapitia wagonjwa, wasafiri na mvua ya Kitui, lakini mwisho wake haukubadilika hata siku moja: "Bwana, linda macho yangu na mikono yao." Tukasema amina. Ilinichukua miaka kuyasikia maneno hayo sawasawa. Macho yake, mikono yetu. Duka lote lilikuwa ndani ya sala hiyo.

Mtu asije akadhani alikuwa mchoyo. Mke wa Oti, aliyekuwa mpulizaji wetu wa rangi, alipojifungua kwa upasuaji, Mama Rangi alikaa naye hospitalini siku mbili mpaka mama yake mzazi akafika kutoka Siaya. Ijumaa alitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nyumbani kwake akauleta kwa sufuria, na hakula mpaka sote tumeongezwa. Mimi alininunulia viatu bila kuniuliza, na vilinitosha. Alikuwa ameupima mguu wangu kwa jicho. Ugonjwa wako ulikuwa wake, msiba wako ulikuwa wake. Alitupatia kila kitu isipokuwa kazi yenyewe.

Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake. Mmoja alinyoosha bati, wawili walipaka fila na kufunika vioo kwa magazeti, Oti alipuliza, mimi nilipiga msasa na kung'arisha. Hakuna aliyehama kipande. Kuchanganya kulifanyika kwenye chumba cha mbao chenye mlango mmoja, na humo ndani mlikuwa na mikebe ishirini na mmoja ya rangi za msingi, zile ambazo zote nyingine hutoka kwazo.

Sasa nieleze habari ya mikebe hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotumaliza.

Kila mkebe ulikuwa na karatasi ya gundi iliyoandikwa kwa mkono wake. Njano. Buluu. Kijani. Nyeusi. Na hakuna hata mmoja ulioandikwa ukweli. Ulioandikwa njano ulikuwa na buluu. Ulioandikwa kijani ulikuwa na moja ya nyekundu zake tano. Kila Jumamosi mchana, sisi tukishaondoka, alizibandua karatasi na kuzibandika upya, ili kama kuna mtu aliyechungulia wiki hiyo akahesabu ni mkebe upi umeinuliwa, Jumatatu akute mambo yamegeuka. Yeye mwenyewe hakuhitaji karatasi. Alifungua kifuniko, akatazama, akajua.

Niliwahi kumuuliza kwa nini. Tulikuwa tumekaa nje tukingoja rangi ikauke. Akaniambia habari za duka la kwanza alilofanyia kazi, kule Grogan, mtaa wa vipuri chini ya mji, alipokuwa akipika chai na kufagia kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza rangi za magari.

"Huyo mzee alikuwa mpole. Hakunitukana hata siku moja. Lakini akianza kuchanganya, ananiambia, enda ulete maziwa. Maziwa iko kwa jiko, ameiona, lakini ananituma. Nikajua hapo ndipo kazi iko."

"Sasa ulijifunza aje, Madam?"

"Kulikuwa na picha ya mungu wao kwa ukuta, ya kioo. Nikisimama mahali pa kuosha vikombe, naona mikono yake kwa hiyo kioo. Miaka sita naosha vikombe. Vikombe zilikuwa safi!" Akacheka. "Mimi sikufundishwa, Mrefu. Niliiba kwa macho. Na nyinyi mko na macho."

Kwa hiyo alijua wizi huo unavyofanyika, na aliamini sote tunaufanya. Alikuwa na sababu nyingine pia, na sababu hiyo ilisimama ng'ambo ya barabara. Kabla yangu alikuwa na fundi mmoja ambaye yeye Madam alimfundisha kwa mikono yake mwenyewe, kwa miaka miwili, mpaka namna ya kupuliza ukucha. Fundi huyo alipojua, aliaga kwa heshima, akavuka barabara, akafungua duka lake. Kila asubuhi Mama Rangi alipofungua lango alikutana na kibao cha duka hilo.

Jicho la yule jirani lilikuwa la kawaida. Nasema hivi si kwa kumpendelea Madam. Niliona kazi zake, na mlango wake ukiutazama vizuri kwenye jua la saa sita ulijulikana umepakwa upya. Lakini mikebe yake aliiandika majina ya kweli. Vipimo alivichora ukutani kwa kalamu nzito. Aliwafundisha watu wanne, mmoja akaondoka, akafundisha mwingine. Alikuwa anaenda kwao Murang'a wiki nzima na duka linapuliza rangi kama kawaida. Kwetu, mteja akipiga simu hakuuliza kama tumefungua. Aliuliza, "Mwenyewe yuko?" Akiambiwa hayuko, hakuja.

Mwaka mmoja alienda kwao Kitui kuzika shangazi yake, siku tatu. Siku ya pili akaja mama mmoja wa Karen, gari la buluu, mlango wa nyuma umekwaruzwa, na kesho ana safari. Oti akasema, "Buluu ni buluu. Si tuingie?" Mlango wa chumba cha mbao haukuwa na kufuli imara. Tukaingia. Tukatafuta mkebe ulioandikwa buluu, tukaufungua, tukaona kitu cheusicheusi. Oti akasema labda ikikauka inageuka. Tukaongeza kutoka kwa ulioandikwa nyeupe, tukapuliza. Ilipokauka, gari la buluu lilikuwa na mlango wa rangi ya maini.

Madam aliporudi na kuukuta ule mlango, alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za msiba. "Maini!" akasema. "Mmempelekea mama wa watu maini!" Akaupaka upya bila malipo, akamwomba yule mama msamaha, na kisa chenyewe akakisimulia Dagoretti Corner nzima kwa miezi. Kila alipofika mwisho alifungua mikono na kusema, "Mnaona? Bila mimi." Alilisema kwa furaha. Sote tulicheka. Hakuna kati yetu, wala yeye, aliyesikia kwamba hiyo haikuwa habari ya kuchekesha.

Ishara ya kwanza ilikuwa gari jeupe. Mwenyewe, mwalimu mmoja wa shule ya karibu, alilizunguka mara mbili akasema kwa aibu, "Madam, hii mlango naona kama ni krimu." Mama Rangi akautazama mlango. Akautazama tena. Akasema, "Itatulia." Rangi hiyo haikutulia. Wiki ile ile akaanza jambo jipya: alituita mmoja mmoja karibu na gari, akalaza ukucha, akauliza, "Mrefu, wewe unaona imeingia ama bado?"

Nilidhani sasa, hatimaye, anatufundisha. Nilianza kujiandaa. Nilitazama kwa bidii, nikajibu "imeingia" au "bado kidogo" kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Oti naye hivyo hivyo. Tulizungumza mchana kwamba Madam amebadilika, amekuwa mkarimu wa kazi yake. Hatukujua kwamba anaazima macho yetu.

Nilijua siku aliyoniambia nimsindikize Hurlingham. Hakusema ni wapi mpaka tulipofika kwenye ngazi. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alimpima muda mrefu, kisha akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Mama, ni presha ya macho. Imekula ile mishipa ya nyuma inayopeleka picha. Iliyoenda hairudi. Iliyobaki tunaweza kuilinda, lakini ni haraka. Nitakufanyia upasuaji mdogo, halafu utakaa mwezi mzima mbali na vumbi na hizo thina zako."

"Mwezi?"

"Mwezi mmoja."

"Duka nimwachie nani?"

Daktari alinitazama. "Huyu si mfanyakazi wako?"

"Ni wangu."

"Amekaa na wewe muda gani?"

"Miaka saba," nikajibu mimi.

Daktari alingoja. Alidhani jibu langu bado lina sehemu itakayofuata, kwamba mmoja wetu atasema, basi, huyu atashika duka. Nilitazama viatu vyangu, vile alivyoninunulia. Mwishowe daktari akaandika dawa ya matone akasema, "Usikawie, mama."

Tulipokuwa tunavuka Barabara ya Argwings Kodhek alishika mkono wa shati langu. Hakuwahi kunishika kabla. Upande wa pili akauachia, akasema, "Usiambie hao wengine."

Alikawia. Kwanza ilikuwa Desemba, na Desemba kila mtu anataka gari ling'ae kabla ya kwenda nyumbani kwa wazee. Hawezi kufunga Desemba. Halafu Januari, watu hawana kitu, akifunga hatapata hata hao wachache. Kisha akasema Pasaka. Yale matone aliyatia akiwa amegeukia ukutani, tukajifanya hatumwoni. Magari yalirudi. Mawili kwa wiki, halafu matatu, mwenyewe ameshikilia simu yenye picha ya mlango. Tuliyapaka upya, yakarudi tena. Wateja waliacha kuuliza kama mwenyewe yuko. Tulikuwa tunasikia breki mbele ya lango letu, gari linasita, kisha linakata kona kwenda ng'ambo.

Usiku hakulala, nadhani, kwa sababu asubuhi maombi yalifupika. Wagonjwa waliachwa, mvua ya Kitui ikaachwa. Alibaki na ule mwisho tu.

Jumanne moja, saa nne, jua safi, alifunga lango kutoka ndani. Akatoa mikebe yote ishirini na mmoja akaipanga uwanjani.

"Leo ni shule," akasema.

Tulisimama. Oti alinigusa kwa kiwiko. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka saba.

"Mrefu, huu umeandikwa nini?"

"Kijani, Madam."

"Si kijani. Fungua."

Nikafungua. Akainama juu yake. Akakaa hivyo muda mrefu, akageuza kichwa kushoto, kulia, kama kuku anayetazama mchwa. Akasema, "Sogeza kwa jua." Nikausogeza. Akainama tena. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu gani?"

"Nyekundu tu, Madam. Ya kawaida."

"Hakuna ya kawaida! Inaenda wapi? Inaenda kwa matofali ama inaenda kwa zambarau? Ukiinyoosha na kijiti, pale pembeni inakuwa aje?"

Nikachukua kijiti nikainyoosha. Nikatazama. Naapa nilitazama kwa nguvu zangu zote. Niliona nyekundu.

"Ni kama damu," Oti akajaribu kunisaidia.

"Damu ya leo ama ya jana?"

Mmoja wetu akacheka, akidhani ni mzaha. Madam hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, nadhani alitumaini kwamba na sisi hatuyaoni.

Ilipofika saa sita tulikuwa tumepata mikebe mitano ya nyekundu, minne ya buluu, mitatu ya nyeusi, na hatukuweza kumwambia tofauti kati ya mmoja na mwingine, kwa sababu hatukuwa na maneno. Naye hakuweza kutuambia, kwa sababu alikuwa ameziandika uwongo mara nyingi kiasi kwamba ukweli haukubaki popote. Haukuwa kwenye karatasi, haukuwa kichwani mwake. Ulikuwa machoni, na macho yalikuwa yanaondoka nao.

Ndipo Oti aliposema kile ambacho sote tulikuwa tunakifikiria. "Madam, tumwite yule wa ng'ambo. Yeye anazijua. Saa moja tu."

"Afadhali nisione kabisa," akasema.

Akakaa juu ya mkebe uliofungwa. Akanielekezea uso. "Miaka saba, Mrefu. Miaka saba ulikuwa unaangalia nini?"

Ningeweza kunyamaza. Nimelala miji mingi tangu siku ile nikijibu swali hilo kwa njia nyingine. Lakini nilikuwa na hasira ya kuitwa mjinga mbele ya wenzangu, nikasema, "Nilikuwa naangalia mahali uliniambia niangalie. Msasa."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole. "Ni kweli," akasema. Kisha akatuomba, na hakuwa mtu wa kuomba: "Kaeni na mimi mwezi mmoja. Tutaenda pole pole. Nyinyi mtaona, mimi nitasema. Mkishika hata nusu, nitaenda kwa daktari."

Oti akasema atakaa. Wale wengine wakasema watakaa. Nikasema nitakaa.

Jumatatu nilikuwa Eldoret. Sina sababu nzuri. Nilijiambia kwamba kule kuna kazi, na ilikuwepo. Ukweli ni kwamba sikuweza kusimama tena juu ya mkebe ulio wazi na kuulizwa inaenda wapi.

Kule Eldoret, fundi niliyemkuta, mtu mnene mwenye kelele, aliniuliza kama najua kuchanganya. Nikasema sijui. Akaniketisha juani na kijiti na kipande cha kadi nyeupe. "Kila rangi ina mahali inatoka na mahali inaenda," akasema, na lilikuwa neno lile lile la Madam. Alinifundisha asubuhi, kabla wateja hawajaja. Ilichukua wiki tatu. Sikuwa nimefika hata nusu ya Mama Rangi, lakini wiki ya tatu nilipotazama nyekundu tano niliona nyekundu tano. Wiki tatu. Mwezi wake alioomba ulikuwa haujaisha. Namba yake nilikuwa nayo kwenye simu, na sikumpigia.

Nilirudi Nairobi miaka mitatu baadaye, kama ninavyorudi kila mahali, kutazama tu. Uwanja wetu ulikuwa mahali pa kuoshea magari. Oti nilimkuta ng'ambo, amevaa koti la kazi la yule jirani, amenenepa. Akaniambia Madam alijaribu nao wiki mbili, halafu akafunga. Alimwandikia kila mmoja barua ya kumsifu kwa mwajiri mwingine. Mikebe ilinunuliwa na jirani.

"Aliifungua yote akaiandika majina ya kweli," Oti akasema. "Ilimchukua asubuhi moja."

Yule jirani ndiye alikuwa mtu pekee ambaye Mama Rangi aliwahi kumfundisha.

Mwaka jana nilikuwa napita Hurlingham kwa shughuli zangu. Nje ya duka la dawa kulikuwa na benchi, na juu ya benchi mama mwenye leso ya kijani, mikono juu ya magoti. Ningempita. Zile kucha ndizo zilizonizuia. Zote kumi zilikuwa safi, na sikuwahi kuziona hivyo, kwa hiyo nilimtambua na papo hapo nikadhani siye. Nikasimama.

"Ni nani amenikingia jua?" akauliza. Kisha akavuta hewa. "Thina. Mrefu?"

"Ni mimi, Madam."

"Haya, keti. Kwani bado unapiga msasa?"

"Bado. Na ninachanganya, kidogo."

Alisogea nikapata nafasi. Binti yake alikuwa ndani kwenye foleni ya dawa. Nilitaka kuomba msamaha na nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini yeye aliinua kidole kuelekea barabarani, ambako gari lilikuwa likinguruma likingoja kuingia kwenye maegesho.

"Hiyo ni rangi gani?"

"Kijivu, Madam." Nikatazama vizuri. "Inatoka kwa buluu lakini inaenda kwa kijani. Pale pembeni ya bawa, juu ya tairi, kuna zambarau kidogo. Mlango wa mbele umepakwa tena, waliweka nyeusi nyingi."

Midomo yake ilisogea kama mtu anayeonja. Akangoja mpaka gari lile likaondoka.

"Nani alikufundisha kuongea hivyo?"

Nikamfikiria yule mtu mnene wa Eldoret na kadi yake nyeupe.

"Ni wewe, Madam."

"Uwongo," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mimi sikukufundisha kitu."

Gari jingine likapunguza mwendo mbele yetu. Alilisikia kabla yangu, akageuza uso.

"Na hiyo?"

"Nyeupe."

"Usikimbie nyeupe. Angalia chini ya mlango, mahali jua haifiki. Hapo ndipo inakuambia ilikuwa nini. Halafu panda nayo pole pole mpaka juu. Sasa niambie."

Niliinama kutoka kwenye benchi nikatazama chini ya mlango, na ilikuwa kama alivyosema. Nikamwambia. Akanisahihisha. Nikatazama tena. Likaja jingine, na jingine, naye akawa anauliza na mimi ninajibu, na tulikuwa tumefika gari la kumi binti yake alipotoka na dawa, akamshika mama yake mkono.